Siku moja na rimu nyepesi: kutoka mizani ya gereji hadi simiti ya Ennis

Saa 12:00 asubuhi

Mama hunipigia kila Ijumaa. Kwao Mombasa ni saa nane mchana, mie huku Irving, Texas, bado natafuta soksi. Leo kauliza tena: "Wafanya kazi gani hasa huko, mwanangu?" Tairi na rimu, mama. Akanyamaza kidogo. "Zile zile za Changamwe?"

Zile zile, nikamwambia, ila huku watu hununua tairi kipara ikiwa mpya dukani, na kwa bei kubwa kuliko yenye kashata. Akacheka akidhani namtania. Simtanii. Mbio za dragi ni kwenda moja kwa moja robo maili, mita 402, hakuna kona, na kwenye lami kavu mpira mtupu ndio unaoshika. Nyumbani trafiki angekuteremsha garini. Hapa wanapanga foleni.

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua gereji. Bosi wangu ni mzee wa Kimeksiko, hasemi mengi kabla ya kahawa. Kitu ninachokipenda zaidi hapa ndani si mashine ya balansi wala kompresa. Ni mizani ya kidijitali aliyoinunua kupimia vifurushi vya posta. Nimeipora. Kila rimu inayoingia naipima kabla sijaigusa kwa spana, na uzito wake nauandika kwenye daftari. Ni miaka minne sasa, na daftari limenifundisha kutoamini matangazo. Muuzaji huandika uzito wa saizi ndogo kuliko zote, kisha anakuuzia saizi kubwa.

Saa 2:15 asubuhi

Mteja wa leo ni kijana wa Goma, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, kwa hiyo kwake hii ndiyo jioni. Ana Mustang GT ya 2012. Mwezi uliopita alikimbia sekunde 12.9 na sasa hapati usingizi.

"Yaya, nataka zile nyepesi kabisa. Zote ine." Kwao "yaya" ni mkubwa wako, na "ine" ni nne.

Ananionyesha picha kwenye simu. Rimu nzuri, sikatai. Namuuliza zina kilo ngapi. Hajui. Namwambia tuanze na tulicho nacho, tunapandisha gari, tunafungua gurudumu la mbele na kuliweka kwenye mizani, rimu ya kiwandani pamoja na tairi yake: kilo 23.6. Pembeni naweka rimu ya dragi niliyo nayo stoo, inchi 17 kwa upana wa 4.5, imevaa tairi yake nyembamba kama ya pikipiki kubwa: kilo 14. Kijana anaangalia namba, ananiangalia mimi, anaangalia namba tena.

Hapo ndipo huwa natoa somo langu la baiskeli. Utotoni tulisukuma rimu tupu ya baiskeli kwa kijiti, si ndiyo? Ile rimu uzito wake wote uko ukingoni. Ukiisukuma, nusu ya nguvu yako inaipeleka mbele, nusu nyingine inaizungusha. Kwa hiyo kilo moja iliyokaa ukingoni mwa gurudumu, gari linaihisi kama karibu kilo mbili. Ikikaa karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, inahisiwa kama kilo moja na ushei tu. Ndiyo maana tairi nayo napima. Watu huhangaika na rimu, wakasahau kwamba mpira ndio uliokaa mbali zaidi na katikati.

"Basi na za nyuma tufanye hivyo hivyo," anasema.

Nyuma ni habari nyingine. Huko tunataka rimu ya inchi 15, pana inchi 10, na siyo kwa sababu ya wepesi. Rimu ikiwa ndogo, tairi inapata tumbo. Taa ya kijani ikiwaka tumbo lile linakunjamana, mpira unakaa chini kwa eneo kubwa, na lile pigo la injini linapokelewa taratibu badala ya kukatisha mshiko. Lakini upana ni uzito. Daftari langu linasema rimu ya namna hiyo pamoja na tairi yake huja kilo 21 hivi. Ukilinganisha na ya kiwandani, umeokoa kilo mbili na nusu kwa kila upande. Mbele umeokoa tisa na ushei.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake, na wapo mafundi watakaonibishia: mbele weka fedha kwenye rimu, nyuma weka fedha kwenye tairi.

Saa 3:30 asubuhi

Bado tuko hapo hapo. Sasa ni suala la kufuliwa au kumiminwa. Rimu ya kumiminwa ni alumini iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu. Ya kufuliwa ni pande la alumini lililokandamizwa kwa mashine ya tani nyingi, kama mhunzi anavyofua jembe, chembe zake zikabanana, kwa hiyo unaweza kuipunguza unene bila kuidhoofisha. Weld wa Kansas City walianza mwaka 1967, mwanzilishi akiwa dereva wa mbio mwenyewe, Greg Weld, na jina hilo bado ndilo la kwanza wateja wangu kutamka. Bei nayo hutamkwa kwa sauti ya chini.

Gari hili lina breki kubwa za kampuni ya Brembo mbele. Nakata kipande cha kadibodi kwa umbo la kaliper, ile inayobana diski ya breki, nakizungusha ndani ya rimu ya inchi 15. Kinagonga. Ndiyo sababu mbele tumeng'ang'ania 17. Kadibodi hii ya bure ingeokoa watu wengi. Kuna anayepima mashimo ya nati peke yake, matano kwenye duara la milimita 114.3, akaona yamelingana, akalipa. Ofseti je, yaani rimu imeingia ndani au imetoka nje kiasi gani? Tundu la katikati je? Rimu inaweza kuingia kwenye stadi zote tano, zile boliti za kufungia gurudumu, na bado ikasugua shokabu.

Tunaafikiana: za kufuliwa mbele, za kumiminwa nyuma, na tairi za radial za dragi zinazoruhusiwa barabarani, nusu kipara.

Saa 5:00 asubuhi

Mzee mmoja kaleta rimu alizonunua kwa mtu. Nyepesi kweli. Naziosha, nazipaka dawa ya rangi nyekundu ya kutafutia ufa, nafuta. Mstari mwembamba kama unywele unabaki kati ya matundu mawili ya stadi. Hakupenda. Hata mimi nisingependa.

Saa 7:00 mchana

Msikitini. Simu nazima.

Saa 8:30 mchana

Rimu za dragi zina kitako kinene pale zinapokaa kwenye habu, na stadi za kiwandani hubaki fupi. Sheria ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951 ili vijana waache kushindana barabarani, iko wazi: uzi wa stadi ulioingia ndani ya nati usipungue kipenyo cha stadi yenyewe. Stadi za gari hili ni nusu inchi, kwa hiyo nusu inchi ya uzi lazima iume. Natoa zote ishirini, nagonga mpya za kampuni ya ARP za inchi tatu. Kazi ya kuchosha mabega.

Najaribisha rimu, kila kitu kinazunguka bila kugusa. Kisha nazitoa, narudisha za kiwandani. Zile nyembamba za mbele sizipeleki barabara kuu, hazikuumbwa kwa mashimo wala kwa kukwepa lori kwa ghafla. Zinapanda pikapu yangu.

Saa 10:15 jioni

Nimefanya kosa la kitoto, nalieleza lilivyo.

Kijana aliondoka mbele yangu. Dakika tano haijafika kapiga simu: "Yaya, gari linasema ko-ko-ko." Nikamwambia simama hapo hapo. Nilimkuta kituo cha mafuta, nikashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, likacheza.

Nilikuwa nimerudisha nati zake za kiwandani, zile zenye kofia. Stadi mpya ni ndefu. Nati inazunguka mpaka ncha ya stadi inagonga dari ya kofia, spana ya torki inalia "tk", nawe unaridhika kwamba umebana, kumbe rimu haijabanwa na chochote. Nati zilizotoboka upande wa pili zilikuwa kwenye boksi, kwenye pikapu yangu, nimezikalia. Nilibadilisha zote ishirini bila kuinua macho. Yeye hakusema neno, na ukimya wake ulinichoma kuliko tusi.

Saa 12:30 jioni

Ennis, kusini mwa Dallas kwa barabara ya I-45. Texas Motorplex, uwanja wa mbio za dragi, ilifunguliwa 1986, na njia yake ni simiti tupu kuanzia mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Imepakwa gundi hadi kiatu kinachomoka mguuni. Tunabadilisha magurudumu sehemu ya maandalizi. Mkaguzi anatazama helmeti, ambayo ni lazima ukikimbia sekunde 13.99 au chini ya hapo, kisha anainama kuhesabu uzi kwenye nati. Nati zimetoboka, kwa hiyo anauona. Anapitisha. Nashusha pumzi.

Nachora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi ya nyuma hadi kwenye rimu. Chaki ikiachana, tairi inateleza ndani ya rimu, na ni hadithi nyingine.

Saa 2:00 usiku

Mkimbio wa kwanza, upepo wa tairi za nyuma psi 22: 12.61. Chaki iko pale pale. Napunguza hadi 17. Mkimbio wa pili: 12.38. Futi 60 za mwanzo, mita kama 18, zilimchukua sekunde 1.78. Mwezi uliopita, kwa tairi za kawaida, zilikuwa 2.1. Kijana anaruka na karatasi yake kama mwenye matokeo ya mtihani.

"Ni zile nyepesi za mbele, yaya!"

Nikamwambia ngoja. Tukafunga tena magurudumu mazito mbele, nyuma hatukugusa. Akakimbia mara mbili: 12.46, kisha 12.45.

Kwa hiyo rimu zilizommaliza mshahara zilimpa kama mia nane za elfu moja ya... hapana, nakosea hesabu nikichoka: sehemu nane za mia za sekunde. Yaliyobaki yote, karibu nusu sekunde, yalitoka kwenye mpira wa nyuma na upepo uliopunguzwa. Sikumwambia ili kumvunja moyo. Kwenye mchezo huu sehemu nane za mia ni nyingi, mtu anashinda kwa moja. Ila ajue alinunua nini.

Saa 4:45 usiku

Tunapakia. Tayari ameanza: akiongeza mshahara wa mwezi ujao, na za nyuma tukiweka za kufuliwa, tutaokoa kilo ngapi? Mbili kwa kila upande, namwambia, labda.

Anafungua buti aweke helmeti. Ndani kuna boksi la spika za besi, limefungwa kwa boliti nne, limejaa buti lote.

"Hili ulikimbia nalo?"

"Lile? Lile ni la muziki, yaya."

Nililiinua upande mmoja kwa mkono. Upande wa pili sikuweza. Nikamwambia kesho aje nalo mapema, mizani ipo.