Tezi ya thairoidi na amri isiyokoma

Mtu mwenye goita, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, akipita njiani, wengi hudhani kwamba tezi yake imeharibika, na dhana hiyo hunisikitisha, kwa sababu pale penye upungufu wa madini joto uvimbe ule hutokana na tezi kuitii amri inayotoka chini ya ubongo ilhali haina malighafi ya kutosha.

Malighafi yenyewe ni madini joto, yaani ayodini, ambayo mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Seli za tezi, zilizozunguka vifuko vidogo vilivyojaa ute mzito, huyavuta kutoka katika damu, kisha kimeng'enya huyapachika kwenye protini kubwa iitwayo thairoglobulini. Sehemu zilizopachikwa ayodini huungana mbili mbili, na hapo hupatikana homoni za tezi: T4, yenye atomu nne za ayodini, na T3, yenye tatu. Homoni hizo hubaki zimeshikamana na protini hiyo kama akiba, nayo huweza kuutosheleza mwili kwa wiki kadhaa hata tezi ikiacha kutengeneza nyingine. Nyingi inayotolewa ni T4; ini na viungo vingine huiondolea atomu moja, kwa vimeng'enya vinavyohitaji madini ya seleni, ikawa T3, na hiyo ndiyo hasa inayoamua kasi ya seli kutumia chakula, mapigo ya moyo na joto la mwili.

Anayetoa amri ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo nayo huchochewa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Homoni zikipungua katika damu, pituitari huongeza homoni yake, TSH; zikitosha, huipunguza. Lakini TSH haiagizi uzalishaji tu, bali pia huzikuza na kuziongeza seli za tezi, na kwa hiyo madini joto yakikosekana mwaka hadi mwaka, amri haikomi na shingo huvimba.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, nchini Congo. Watafiti wa miaka ya 1960 walikuta goita nyingi upande wa kaskazini na chache kusini magharibi, ingawa pande zote zilikuwa na upungufu wa madini joto. Baadaye ilibainika kwamba muhogo ulichangia, maana sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuzwa mwilini kuwa thayosayaneti, ambayo hugombea na ayodini mlango wa kuingilia katika seli za tezi. Mahali penye madini joto ya kutosha, muhogo huohuo hauleti madhara hayo kwa urahisi.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mama mjamzito, kwani katika miezi ya mwanzo kichanga kilicho tumboni hakijaweza kujitengenezea homoni hizi, na ubongo wake hukua kwa kutegemea T4 ya mama.