Uzi wa tano

Dada kajifungua Jumatano, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, wote wazima, Mungu ashukuriwe. Bosi kanihamishia duka la Nzuguni nikalisimamie. Mwenye nyumba kapandisha kodi. Wiki imekwenda hivyo, na mimi wiki nzima nimelala na kuamka na maneno ya Mzee ya Jumapili.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua Mzee. Ndiye anayekaa benchi la mwisho kabisa kanisani, karibu na spika ya kushoto, tangu nilipokuwa napiga lile gitaa la besi la kuazima lenye shingo iliyopinda. Alipiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi, mpaka vidole vilipoanza kumsumbua. Hajawahi kunisifia, hajawahi kunikosoa. Ibada ikiisha ananyanyua fimbo kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ya mbali, anaondoka zake. Miaka minne sasa, na fimbo ile imenitosha.

Jumapili ilikuwa ya kwanza kwa Ibanez, gitaa langu jipya la besi. Mnakumbuka nilivyoisotea: mchezo wa zamu mbili, hela ya likizo, vitenge vile viwili nilivyoviuza, hadi ikatimia 1,350,000. Kaka aliipakata kwenye treni kutoka Dar mpaka stesheni ya hapa Dodoma, hakutaka hata kuiweka juu. Nyuzi tano, mbao ya kahawia iliyoiva, betri ya volti 9 imefichwa mgongoni. Ibada ya pili imeisha, nimepiga magoti nakunja nyaya, nikaona viatu vya Mzee vimesimama mbele yangu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe."

Akainama. Akazihesabu nyuzi kwa ncha ya fimbo bila kuzigusa: moja, mbili, tatu, nne. Akasita.

"Na huu wa tano," akasema, "unamtafuta nani huko chini?"

Nikamjibu, "Ni wa doh za chini, Babu."

Akasema, "Haya." Akaondoka. Fimbo hakuinyanyua.

Basi. Ni hayo tu. Nimeyarudia kwenye daladala, nimeyarudia nikihesabu mabati dukani, nimeyarudia nimempakata mpwa wangu wa siku moja pale wodini. Jumatatu niliisikia ile "haya" kama ya mtu aliyeridhika na jibu. Jumanne ikawa ya mtu anayemwachia mtoto achezee moto mpaka aungue. Na lile neno "unamtafuta nani". Hakusema "ni wa nini". Angeuliza ni wa nini, ningemweleza, tukamaliza. Kasema nani.

Maelezo ninayo, na nitayaandika hapa kwa kuwa pale sikuyasema. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne: E, A, D, G. Ule wa E, mnene kuliko wote, ukiupiga wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano ni B, unakaa chini ya huo, mara 31 hivi. Mwalimu wetu wa kwaya, sauti za wakina mama zikichoka, anashusha doh, noti ya msingi ya wimbo, mpaka kwenye D. Kwenye nyuzi nne D unaikuta kwenye uzi wa A, na inakaa juu juu, kwaya inaimba haina sakafu. Kwenye B unabonyeza chuma cha tatu cha shingoni tu, unaipata D ileile oktavu nzima chini. Hiyo ndiyo sababu. Nilisota miezi yote ile kwa ajili ya hiyo D.

Ila kuna jambo ambalo fundi mitambo wetu alinionesha Jumanne kwenye mazoezi, na lilinikosesha raha. Spika zetu ni za inchi 12. Sauti ya mitikisiko 31 au 37 hazina ubavu wa kuitoa. Kinachotoka ni vile visauti vya juu vinavyozaliwa pamoja na uzi, na sikio la msikilizaji ndilo linaloijazia sauti ya chini lenyewe. Kwa hiyo ile D niliyoisotea kanisani karibu haipo. Wanaidhani.

Mzee anakaa karibu na spika ya kushoto. Asingeidhani.

Nikaanza kujihukumu kwa kujilinganisha na wapiga besi ninaowapenda. James Jamerson, yule wa Detroit ambaye besi yake iko ndani ya nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya muziki ya Motown miaka ya sitini, alipiga besi ya Fender Precision ya 1962, nyuzi nne, nyuzi bapa nzito ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, maana aliamini uchafu wake ndio utamu wake. Na alipiga kwa kidole kimoja! Kidole cha shahada peke yake, mpaka wenzake wakakiita Kulabu. Bwana Leo Fender, mtengeneza magitaa, aliitoa Precision mwaka 1951 ili mpiga besi aachane na lile dubwana la besi la kusimama nalo, na vyuma vya shingoni vimpe noti sahihi. Miaka michache baadaye Jamerson akaiimbisha kwa kidole kimoja kuliko sisi wa vidole vinne. Carol Kaye naye alikuwa mpiga gitaa la kawaida studio za Los Angeles. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea kwenye kurekodi, akaambiwa ashike yeye, na hakuiacha tena. Nyuzi nne. Hata Bakithi Kumalo wa Soweto, aliyefanya maajabu kwenye sahani ya muziki ya Paul Simon ya 1986 kwa besi isiyo na vyuma shingoni: ile mbio yake maarufu ya noti, nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa mkanda ukacheza kinyumenyume, na bado watu wanavunja vidole kuipiga yote kwa mkono. Nyuzi nne pia.

Na nyumbani je? Marehemu bibi yangu alipiga muheme. Mnaoijua ngoma ile mnajua inavyobanwa katikati ya mapaja, na wanawake wa Kigogo wanavyoitoa mlio wa chini unaoingia kupitia miguuni kabla masikio hayajasikia. Besi ya kwanza maishani mwangu ni hiyo. Haina uzi hata mmoja. Na ilimba kubwa la Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, marimba yale ya kupiga kwa vidole gumba, mlisikie lilivyo na vyuma virefu vya katikati vinavyonguruma taratibu huku vile vifupi vinakimbia. Mlio wa chini hatukuupokea kutoka Marekani sisi. Sasa mimi mjukuu wa mpiga muheme nimeshindwa nini kumwambia Mzee kwamba namtafuta bibi yangu huko chini? Jibu lilikuwepo. Nimelipata Jumatano usiku, siku tatu zimeshapita.

Jumatano hiyohiyo ndipo nilipoisikiliza rekodi ya ibada. Kuna kijana huwa anatupa kwenye simu. Nikavaa earphone, nikazima taa. Wimbo wa kwanza, wa pili, sioni kosa. Wa tatu, ule wa taratibu, nikaanza kusikia mngurumo chini ya besi yangu, kama gari limeachwa likiunguruma nje ya dirisha. Unapanda, unashuka, hauishi. Nilifikiri ni amplifaya. Ulikuwa ni uzi wa B. Sikuupiga; ulikuwa unajitikisa wenyewe kila nilipopiga nyuzi nyingine, kwa sababu sikuwa nimeuzima. Wimbo mzima. Ibada nzima.

Uso uliniwaka moto pale gizani.

Alhamisi nikatoka dukani saa kumi na moja, nikaibeba besi mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka mtaa wa Kikuyu, nyumbani kwa Mzee. Nilikuwa nimejipanga. Namkuta, namwambia Babu nimesikia kosa langu, halafu namweleza na habari ya doh.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, redio ya betri pembeni. "Mbukwenyi," nikasalimu, akacheka kidogo, akaniitikia. Bibi, mke wake, akatoa karanga za kuchemsha, akauliza habari za dada, akarudi ndani. Kabla sijafungua mdomo, Mzee akasema, "Ilete."

Akaipakata. Mara ya kwanza kumwona na besi mkononi. Mikono yake imevimba viungo, kidole cha pete cha kushoto hakinyooki. Aliipima uzito. Akanusa shingo, kweli kabisa, akanusa.

"Ni ya kanisa?"

"Hapana Babu, ni yangu."

"Yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe."

"Ukiacha kupiga pale, unaondoka nayo?"

"Naondoka nayo."

Akanyamaza muda. Redio ikawa inasoma taarifa ya mazao. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, pamoja na kusoma kote juu ya wapiga besi wa ng'ambo. Siku zao bendi zilikuwa mali ya mashirika, vyama na majeshi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Mpiga muziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, na vyombo ni vya mwajiri. Yeye alipiga besi moja miaka kumi na moja. Nyuzi zilikuwa adimu, kwa hiyo zikififia alizivua akazichemsha kwenye sufuria, jasho na uchafu vitoke kwenye mizunguko ya waya, zinalia tena kama mpya kwa siku tatu nne. Bibi akadakia kutoka ndani kwamba sufuria ile haikupikiwa tena chakula. Alijua kila mkwaruzo wa besi ile. Siku aliyoacha kazi aliitwa ofisini, akasaini kwenye daftari.

"Nilirudisha besi, waya, na suruali mbili za sare."

Hakuongeza neno.

Jamerson naye, mwaka 1983 Motown waliposherehekea miaka 25 kwa onyesho kubwa, alijinunulia tiketi akakaa juu kwenye roshani pamoja na watazamaji. Miezi michache baadaye akafa, miaka 47. Jina lake lilianza kuandikwa kwenye sahani 1971 tu, ya Marvin Gaye, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi. Kisa hicho nimekisoma labda mara ishirini na kila mara nikahuzunika kwa ajili ya mtu wa mbali. Pale chini ya mwarobaini nilikuwa nimekaa futi mbili kutoka kwa mtu wa karibu, ambaye kwa miaka minne nilimchukulia kama fimbo inayonyanyuka au isiyonyanyuka.

Umeme haukurudi. Mzee akainamisha kichwa, akaubana mfupa wa shavu kwenye pembe ya juu ya gitaa. Ndivyo walivyofanya mazoezi usiku umeme ukikatika, alisema, mbao inakuingilia fuvuni. Akalaza dole gumba la kulia juu ya uzi wa tano. Hakulitafuta mahali pa kuliweka. Liliteremka lenyewe pale, likatulia, na vidole viwili vikaanza kutembea kwenye nyuzi nne zilizobaki. Kitu cha taratibu, noti chache, halafu nafasi, halafu noti mbili zinazokuja kuchelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa akamalizia kwanza anachofanya. Mimi nilisogea mpaka karibu nimguse bega ili nisikie. Chini ya noti zile hapakuwa na mngurumo wowote. Kimya kabisa. Dole gumba lilikuwa limeuzima B, na Mzee hajawahi kushika gitaa la nyuzi tano maishani.

Nililitazama lile dole gumba kwa muda mrefu. Kucha yake imepasuka katikati. Leo nimejaribu nyumbani kulilaza langu hivyohivyo, mkono unauma kwenye kifundo, ila mngurumo umeisha.

Alipochoka alinyanyua dole gumba, akaupiga ule wa tano mara moja, wazi, bado shavu liko kwenye mbao. Akakaa nao mpaka ukafa wote. Alifumba macho. Sijui alisikia nini, na sikumuuliza aliyemkuta huko. Ile habari ya doh sikuisema tena. Aliponirudishia aliuliza betri moja inakaa muda gani, nikamwambia miezi kadhaa usipoacha waya umechomekwa, maana waya ndio unaoiwasha. Akasema basi nisiwe naacha waya.

Kesho kutwa ni Jumapili. Nimeipangusa, nimechomoa waya, iko ukutani inanitazama.

Jioni hii Mama kapiga simu kutoka Mpunguzi. Majani ya zabibu yameanza kupata unga mweupe, mistari miwili ya upande wa barabarani. Ni ubwiri unga, anaujua, mwaka juzi ulimlia nusu ya vichala kwa sababu salfa ilichelewa. Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akauliza mtoto wa dada anafanana na nani. Kesho natakiwa nifungue Nzuguni saa moja na nusu na nipokee lori la saruji, dada yuko kitandani, kaka karudi Dar. Salfa inapatikana hapa mjini, tena si ghali. Sijui nani ataipeleka.