Almasi ya pete niliipima kwa vernia, nikaokoa hela

Kila niliyemwambia natafuta almasi ya pete ya uchumba alinipa ushauri uleule: chukua rangi D (isiyo na rangi kabisa), usafi VVS (dosari za ndani ndogo mno), mengine usihangaike nayo. Binamu yangu wa Dar, ambaye hata hereni ya shaba hajawahi kumnunulia mtu, alinirekodia ujumbe wa sauti mrefu kuhusu hiyo D. Jirani yangu hapa Mbeya yeye akaja na la kwake: panda basi mpaka Maganzo kule Shinyanga, nunua jiwe ghafi kwa wachimbaji, utalipata kwa bei ya kutupa.

Hilo la Maganzo tulimalize kwanza. Kununua almasi ghafi bila leseni ni kesi. Na hata ungekuwa na leseni, jiwe likipita kwa mkataji huwa linapoteza nusu ya uzito, mara nyingi zaidi. Ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui ya mwaka 1947, aliyopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilikuwa na karati (kipimo cha uzito wa vito) 54.5 ikiwa ghafi. Iliyotoka kwa mkataji ilibaki na 23.6, na hiyo ilikuwa kazi ya mabingwa wa London. Mimi jiwe langu angelikata nani, fundi baiskeli wa Mafiati?

Mchumba wangu ni mtu wa Tukuyu, na masharti yake yalikuwa mawili tu: dhahabu iwe ya njano, si ile nyeupe, na jiwe ling'ae hata siku ya mvua. Anayeijua Tukuyu anajua hapo aliniwekea mtihani, maana jua la kutegemea kule ni la kubahatisha. Lakini yale masharti ndiyo yaliyonisaidia kuliko wataalamu wote wa simu.

Kazi yangu ni kuchonga vyuma. Pembe ikikosea kidogo, beringi haikai. Niliposoma kwamba mng'ao wa almasi unategemea pembe, nikajua hili ni jambo langu. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga kuta za tumbo la jiwe, ile sehemu ya chini iliyochongoka, unarudishwa juu kwenye jicho lako. Pembe ya tumbo ikiwa karibu na nyuzi 41, mwanga mwingi unarudi. Tumbo likiwa bapa mno au limechongoka mno, mwanga unatorokea chini na pembeni, na katikati ya jiwe panakuwa na weusi au uwazi uliopooza. Hesabu hizi Marcel Tolkowsky alizichapisha mwaka 1919, si siri ya mtu. Rangi D haiwezi kukusaidia kama mwanga wenyewe haurudi.

Sasa ile safari ya Dar. Nilishuka kufuata vipuri, na vernia yangu, kile kipimio cha milimita cha mafundi, ilikuwa mfukoni kama kawaida. Nikaingia duka moja la vito, duka la kiyoyozi na mlinzi mlangoni. Dada wa kaunta akanikagua kwa macho kuanzia buti hadi kofia, ila alinikaribisha vizuri.

"Kaka, hii ni nusu karati kamili, rangi F, usafi VVS2. Cheti hiki hapa."

Cheti chenyewe kilichapwa na duka, kina rangi, usafi na uzito basi. Vipimo vya milimita hakuna, daraja la mkato hakuna. Cheti cha maabara ya kupima vito kama GIA huwa kinaandika vipimo, na kwa mawe ya duara kinatoa daraja la mkato, madaraja matano kuanzia bora hadi hafifu. Jiwe lilikuwa linawaka hasa. Nikatazama juu: vitaa vidogo vikali vimejipanga kwenye dari. Chini ya taa zile hata kipande cha chupa kingewaka.

Nikamwomba tulisogeze mlangoni, kwenye kivuli. Mlinzi akatufuata. Nikaliinamia nikilikinga mwanga kwa mwili wangu, nikalitikisa taratibu kwenye kibano. Likazima. Katikati pakawa na duara la kiza, pembeni pakabaki mng'ao kidogo wa aibu. Tuliporudi ndani nikatoa vernia.

"Kaka, unafanya nini?"

"Napima tu, dada. Sibani, nagusa."

Kipenyo milimita 4.8. Kina milimita 3.4. Mtu wa kawaida hapo haoni kitu, mimi nilitaka kucheka. Jiwe la duara lililokatwa vizuri, kina chake ni kama asilimia 60 ya kipenyo, au 62. Hili lilikuwa na 70 na ushei! Nusu karati ya kawaida inakupa kipenyo cha milimita 5.1 hivi. Hii ilikuwa imeficha uzito tumboni na kwenye kiuno, yaani ukingo unaolizunguka jiwe, na kiuno chake kilikuwa kinene hadi unakiona bila lenzi. Kuna hesabu ya makadirio: kipenyo mara kipenyo mara kina mara 0.0061. Nikaibonyeza kwenye simu mbele yake, ikaja kama 0.48, na kilichobaki ni huo unene wa kiuno. Kwa hiyo uzito hawakunidanganya. Ni kwamba wanakuuzia nusu karati ambayo ukiivaa inaonekana ya 0.40. Mkataji hakutaka kupoteza uzito, na gharama ya uroho wake ulipie wewe. Bei waliyotaja ilikuwa milioni tatu na kitu. Nikamshukuru dada, nikaenda zangu kufuata beringi.

Mbeya nikarudi kwa sonara mmoja wa Uhindini, mzee asiye na haraka, ambaye mawe yake anayatunza kwenye vikaratasi vya kukunja. "Shikamoo mzee," nikamweleza shida. Akasema, "Kijana wangu, rangi haitazamwi usoni." Akakunja kadi nyeupe ikawa na mfereji, akayalaza mawe humo kifudifudi, uso chini, ncha juu, tukayatazama kwa ubavu karibu na dirisha. Ngazi ya rangi inaanza D isiyo na rangi kabisa na kushuka hadi Z. Pale palikuwa na H, J na L. Ya L ilionyesha unjano waziwazi. H na J mimi niliishia kubahatisha. Kisha akayageuza uso juu, akayaweka juu ya kipande cha dhahabu ya njano, na J ikawa nyeupe kama H. Dhahabu inalipaka jiwe rangi yake hata hivyo! Kama pete ingekuwa nyeupe ningepanda hadi G au H. Kwa dhahabu ya njano ya Chunya, kulipia D ni kumnufaisha muuzaji.

Usafi ndio ulionichukua muda kidogo kuliko yote. Ngazi zake zinapangwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, na kuanzia VS kwenda juu jicho tupu haliambulii kitu. SI1, ngazi inayofuata chini ya VS, nayo dosari zake mara nyingi hazionekani, ila hapo usinunue kwa herufi, tazama jiwe lenyewe. Lenzi unaigandamiza kwenye jicho, kisha unalisogeza jiwe, si unasogeza lenzi huku na huku. Nilichokuwa nakitafuta ni viwili: doa jeusi chini ya uso wa katikati, na ufa unaofika kiunoni, maana huo ukigongwa vibaya unaweza kumeguka. Jiwe nililolichagua lina kinyoya cheupe, yaani kiufa kidogo, pembeni, kimeishia ndani. Mzee akasema mwenyewe, "Hapo nitapanda kucha." Sasa kucha ya pete, kile kijino cha dhahabu kinachoshika jiwe, imekikalia.

Ukiwa na lenzi mkononi, litazame jiwe kwa ubavu pia, kwenye kingo za nyuma. Zikionekana mbilimbili, hiyo huenda ni moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Kile kikalamu cha kupimia almasi kinacholia "pii" mtu asikutambie nacho, kwa sababu vingi vinapima joto, na moisanaiti inavilaghai.

Jiwe langu: karati 0.40, rangi J, SI1. Vernia ilisoma kipenyo 4.8, kina 2.9. Soma tena kile kipenyo. Ni sawasawa na nusu karati ya Dar, na kwenye kivuli cha baraza ya mzee lilikuwa linarusha mwanga kama halina habari na mawingu. Jiwe, dhahabu na ufundi vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya lile duka, na chenji ikaingia kwenye mahari.

Binamu bado anasema ningechukua D. Mchumba naye analalamika jambo moja tu: akishapika, jiwe linapooza. Ni mafuta, yanaganda kwenye tumbo la jiwe na mwanga haurudi vizuri. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, mswaki laini wa mtoto, na usugue kwa nyuma, si usoni. Ziba tundu la sinki kwanza.