Komedi bora ya TV? Nibishieni

Watu wengi ukiwauliza wanakimbilia Friends, sawa, ilitamba 1994 mpaka 2004 na bado inarudiwa kila siku, ila mi naona Seinfeld ilithubutu zaidi maana wale wahusika wakuu wanne hawajirekebishi, hawaombani msamaha, ubinafsi mwanzo mwisho na bado unacheka.

Ila kura yangu naipa Fawlty Towers ya Uingereza. Episodi 12 tu jamani! 6 za 1975, 6 za 1979, basi. John Cleese na Connie Booth walivyoiandika, Basil, yule mwenye hoteli, anaanza na kauongo kadogo, anakaficha kwa kengine, mara hoteli nzima imevurugika na yeye anafoka tu.

The Office ya Marekani? Ilitakiwa iishe Steve Carell, mwigizaji wake mkuu, alipoondoka 2011.