Kuseti mashine ya fotokopi itume skani moja kwa moja kwenye kompyuta

Kama ofisini kwenu bado mnaskani kwa flashi, mtu anachomeka, anaskani kurasa zake, anachomoa, anarudi mezani anakuta ukurasa wa tatu umetoka kichwa chini na safari inaanza upya, basi hii inawahusu. Zile mashine kubwa za fotokopi karibu zote zinaweza kutuma skani kwenye folda ya kompyuta kupitia mtandao, ila aliyeileta aliseti kuprinti tu akaondoka zake.

Kitu cha kuelewa kabla hujagusa chochote: kwenye kuprinti kompyuta ndiyo inaitafuta mashine, lakini kwenye kuskani mambo yanageuka, mashine ndiyo inakuja kwenye kompyuta kama mgeni, inabisha hodi, inataja jina na paswadi, ikikubaliwa ndo inaweka faili. Kwa hiyo lile neno la "mbona inaprinti vizuri" halina maana yoyote hapa. Na ikigoma, mara nyingi shida iko kwenye kompyuta wala sio kwenye mashine, japo ujumbe wa kukataliwa unatokea kwenye kioo cha mashine na lawama zote zinaenda huko.

Sasa huyo mgeni mpe akaunti yake. Usimpe jina na paswadi ya bosi, maana siku bosi akibadilisha paswadi skani zinakufa na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Tengeneza akaunti ya kawaida ya humo humo kwenye kompyuta, isiyo ya Microsoft na isiyo ya admini, iite tu skani, uipe paswadi ya herufi na namba zisizo na mbwembwe, kwa sababu kibodi za kwenye vioo vya mashine hizi ni mateso na nyingine alama za ajabu hazizitaki. Paswadi lazima iwepo, Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti isiyo na paswadi. Na PIN haihesabiki! Watu wamezoea kufungua kompyuta kwa PIN au kidole mpaka paswadi yenyewe wameisahau, halafu wanaiandika PIN kwenye mashine wanashangaa inakataa, wakati PIN inafanya kazi kwenye kompyuta ile ile tu, haivuki mtandao. Ukiwa hapo weka pia kwamba paswadi hiyo isiishe muda, la sivyo ukomo wa kawaida wa Windows wa siku 42 unaweza kukukuta kila kitu kimesimama bila mtu kugusa kitu.

Folda iweke sehemu rahisi, mfano C:\Skani. Ukiishea, ruhusa ziko sehemu mbili ndani ya Properties za folda, kwenye Sharing na kwenye Security, na yule mwenye masharti magumu zaidi ndiye anayeshinda. Ukitoa ruhusa ya kuandika kwenye Sharing ukasahau Security, mgeni atafunguliwa mlango ila hatapata pa kuweka mzigo. Akaunti ya skani iwe na ruhusa ya kuandika kote kuwili, basi.

Kwenye mashine yenyewe usihangaike na kile kioo. Fungua brauza kwenye kompyuta, andika IP ya mashine (namba yake kwenye mtandao), ingia kama admini, nenda kwenye kitabu cha anwani ujaze kwa kibodi ya kweli. Njia ni kama \\192.168.1.20\Skani, yaani IP ya kompyuta na jina la folda uliyoishea. Sio C:\Skani, mashine haijui C yako ni nini. Baadhi ya mashine zinagawa hiyo njia kwenye visanduku viwili, kimoja cha IP na kingine cha folda, hapo zile alama \\ za mwanzo huziandiki. Na IP ya kompyuta iwe imefungwa kwenye ruta isibadilike, maana ruta ikizimwa ikawashwa kompyuta inaweza kupewa namba nyingine na mashine ikabaki inabisha hodi kwa jirani.

Bado inakataa? Chukua kompyuta nyingine kwenye mtandao huo huo, fungua njia ile ile, weka jina na paswadi ya skani, jaribu kuandika faili humo. Ikigoma na huko basi mashine haina kosa, angalia kama mtandao umewekwa kuwa wa faragha na sio wa umma, na kama fayawoli (ulinzi wa kompyuta dhidi ya wageni wa mtandaoni) imeruhusu kushea faili, mlango wake (port) ni 445. Ikikubali huko ila mashine bado inagoma, hapo sasa tunaongelea umri wa mashine.

Mashine za zamani zinajua SMB1 tu, yaani toleo la kwanza la lugha ambayo vifaa vinatumia kushea mafaili kwenye mtandao, na Windows 10 iliacha kuja nayo ikiwa imewashwa kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Fundi atakwambia iwashe, dakika mbili kazi imekwisha. Mimi siungi mkono kabisa. Mwezi Mei mwaka huo huo programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1 na kufunga mafaili ya watu, sasa unaurudisha mlango huo kwenye kompyuta yenye hesabu za ofisi eti ili usitembee na flashi? Tafuta kwanza apdeti ya programu ya mashine, nyingine zinapata SMB2 hivyo. Ikikosekana tumia skani kwenda kwenye barua pepe. Ukitumia Gmail utahitaji uthibitishaji wa hatua mbili na ile paswadi ya programu yenye herufi 16, paswadi yako ya kila siku haitakubalika.

Ubora weka dpi 300 (nukta kwa kila inchi) na PDF, rangi pale inapohitajika tu. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 kabla ya kubanwa ni kama MB 26, fanya hesabu ya mkataba wa kurasa 40. Na kompyuta uizuie isilale, ikilala hakuna wa kufungua mlango.

Mkiwa wengi, kila mtu awe na folda yake na ruhusa zake, kwa sababu folda moja ya wote baada ya muda inajaa vitambulisho na karatasi za mishahara na kila anayepita anafungua.