Begi la kaka

Leo nimefungua begi la marehemu kaka. Tangu tumzike sikuwa na moyo wa kuligusa. Harufu ya grisi ilivyonijia, nikakaa chini sakafuni.

Kaka alizunguka gereji za Ilala na Gerezani akiwauzia mafundi spana, bisibisi, koleo na seti za soketi. Duka lake lilikuwa begani, jua lote lile la Dar. Spana namba 10, 12 na 14 hazikumwishia, maana bolti nyingi za Toyota hufunguliwa kwa hizo, na namba 10 ndiyo inayopotea kila siku. Kila spana aliijaribu kwanza kwenye nati. Ikiteleza, haiuzi. Alisema, "Fundi akichubuka vidole kwa spana yangu, kesho nitamtazamaje usoni?"

Chini ya begi nimekuta daftari la madeni, majina ya utani matupu. Nikakumbuka msibani: mafundi watatu walikuja na ovaroli zao, kila mmoja akanishika mkono na kuniachia noti alizokuwa akidaiwa. Hakuna aliyewauliza.

Spana moja namba 10 nimebaki nayo. Iko mfukoni sasa hivi. Mungu akulaze mahali pema, kaka yangu.