Siku moja maishani mwangu: nondo inapotoa shingo

Saa 11:40 alfajiri. Nkuhungu bado giza, na upepo wa mwezi wa saba hapa Dodoma unapenya hata dirisha lililofungwa. Nakanda unga wa chapati za watoto. Nikivuta donge pande mbili, linarefuka lote kwa pamoja, kisha mahali pamoja katikati panakuwa pembamba, na kuanzia hapo kwingine kote kunatulia. Pale pembamba peke yake ndipo panapoendelea kuvutika mpaka pakatike. Nimelitazama jambo hili kwenye unga tangu nikiwa mtoto, na kwenye chuma kwa miaka tisa sasa. Bado nalipenda.

Saa 1:30. Daladala, kisha mwendo mfupi kwa miguu. Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya vifaa vya ujenzi. Tunapima zege, kokoto, udongo na nondo. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukasimama Mtumba, mji huu unajengwa kila upande, na vipande vya nondo vinatufikia kwa mafungu.

Saa 2:15. Sampuli za leo ni za milimita 12. Nondo halali ya kipimo hicho ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kipande cha nusu mita kinatakiwa kiwe na gramu 444 au karibu na hapo. Mizani inakubali. Nagonga vialama saba mfululizo, kila milimita 10, vinavyoacha nafasi sita katika urefu wa milimita 60. Vialama hivi ndivyo vitakavyonieleza baadaye kila sehemu ya nondo imefanya nini.

Saa 3:10. "Dada, niwashe?" anauliza kijana wa chuo aliyeko kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Washa.

Taya zinaiuma nondo juu na chini, mashine inaanza kuvuta. Mwanzoni mstari kwenye skrini unapanda moja kwa moja. Chuma bado ni kama mpira, ukikiachia kinarudi kilivyokuwa. Kufika kilonewtoni 60, yaani nyutoni 60,000 za nguvu ya kuvuta, mstari unasita, unakwenda ubavuni kidogo, na magamba meusi yanaanza kudondoka kutoka mwilini mwa nondo kama pumba. Chuma kimekubali. Kuanzia sasa hakirudi tena urefu wake wa zamani.

Hapa ndipo namwambia kijana aache simu. Nondo inarefuka, na kwa kuwa ujazo wa chuma haubadiliki, inaporefuka lazima ikonde. Lakini kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kukaza. Kukonda kunaidhoofisha, kukaza kunaiimarisha, na mwanzoni kukaza ndiko kunakoshinda. Pakitokea mahali pamekonda kuliko pengine, hapo hapo panakuwa pagumu kuliko pengine, basi mvutiko unahamia kwa jirani. Jirani naye anakonda, anakaza, anaupisha mbele. Ndiyo maana nondo nzima inakonda sawasawa na kwa macho huoni kitu.

Ila kukaza nako kunapungua kasi. Unafika wakati chuma hakikazi tena vya kutosha kufidia kinachopotea kwa kukonda. Mhandisi Mfaransa, Armand Considère, aliliweka hili kwenye hesabu mwaka 1885: shingo, yaani mahali pamoja panapokonda peke yake, huanza pale kasi ya kukaza inaposhuka hadi kulingana na mkazo (nguvu kwa kila milimita ya mraba) uliomo ndani ya chuma chenyewe. Kwenye skrini ndicho kilele cha mstari. Leo kilele ni kilonewtoni 69.

"Tazama pale chini kidogo ya katikati." Nyuma ya kioo, nondo inaingia ndani kama kiuno cha nyigu. Imetoa shingo. Sehemu nyingine zote zimesimama, hazirefuki tena. Namba zinashuka: 67, 62, 57. Kwenye 52, mlio mkubwa, na meza inatikisika.

"Dada, mbona nguvu inashuka wakati inakaribia kukatika? Si inamaanisha chuma kimelainika?"

Swali hili huulizwa na kila anayekuja, na ni swali zuri kweli. Nampa kalipa, kifaa cha kupimia unene, apime mwenyewe. Shingoni kuna milimita 8. Mwanzo nondo ilikuwa na milimita za mraba 113, sasa pale zimebaki 50. Gawanya: kilele kilikuwa nyutoni 610 kwa kila milimita ya mraba ya mwanzo; wakati inakatika, kila milimita ya mraba iliyobaki shingoni ilikuwa imebeba zaidi ya nyutoni 1,000. Chuma cha pale hakikulainika. Kilikuwa kinabeba mzigo mzito kuliko wakati wowote, ila kilikuwa kimebaki kidogo.

"Gusa." Anagusa shingo, anavuta mkono. Ina joto, kwa sababu tangu kilele kazi yote ya mvuto imeishia pale. Upande mmoja mdomo umekuwa kama kikombe, wa pili kama koni inayoingia ndani yake. Katikati ni kijivu, chakavu, bila mng'ao. Ukingo umekatika kwa mshazari. Mpasuko haukuanzia nje. Ulianzia ndani, kwenye vitobo vidogo vilivyofunguka kuzunguka uchafu uliomo kwenye chuma, vikakua, vikaungana, na ukingo ukawa wa mwisho kukatika.

Tunaunganisha vipande na kupima nafasi kati ya vialama, kwa milimita: 11.2, 11.3, 11.9, 15.4, 11.6, 11.2. Jumla 72.6, yaani nondo imerefuka kwa asilimia 21. Lakini angalia hiyo 15.4 ilivyojitenga na wenzake. Ukipima urefu mfupi, shingo inaipamba nondo. Ukipima mrefu, inamezwa. Kwa hiyo mimi naamini zaidi kipimo cha mbali na shingo, kile kinachoonyesha nondo nzima ilivumilia kiasi gani kabla ya kilele.

Saa 5. Anaingia mzee mwenye vipande viwili kwenye kiroba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Fundi kaniambia tuunge nondo kwa kuchomelea, tusipoteze vipande. Nikasema kwanza nije huku."

Kipande kizima kinatoa shingo kama cha asubuhi. Kilichoungwa kinakatika kilonewtoni 41, pembeni ya weldi, kabla chuma hakijakubali hata kidogo. Mdomo ni bapa, una chembe zinazong'aa, na unene ni ule ule kama wa nondo isiyoguswa. Moto wa weldi na kupoa haraka kumefanya chuma cha pale kiwe kikavu kama chaki.

Mzee anaviweka vyote kiganjani, anavigeuza taratibu. "Kwa hiyo hiki cha kwanza kimekatika vizuri?"

"Ndiyo mzee, kimekatika vizuri." Namweleza: boriti yenye chuma kinachovutika hupinda na kutoa nyufa kwanza, watu wakatoka. Yenye chuma kikavu haisemi kitu. Na sisi tumekaa kando ya Bonde la Ufa, ardhi hutikisika mara kwa mara. Wapandanishe nondo na kuzifunga kwa waya, kwa urefu atakaoandika mhandisi wake. Anavifunga vipande kwenye gazeti na kuondoka navyo.

Saa 7. Ugali na mlenda. Kijana amevuta utepe wa nailoni ya karanga, anashangaa: umetoa shingo lakini haukatiki, shingo inatembea mpaka utepe mzima umekuwa mwembamba na mweupe. Kwenye nailoni, minyororo midogo mno inayounda plastiki ikishanyooka inakaza upya, hivyo pale pembamba panakuwa pagumu kuliko penye unene. Chuma hakina bahati hiyo.

Saa 8 hadi 10, kubonyeza vipande vya zege. Vumbi, hesabu, sahihi.

Saa 11:15 jioni simu inaita nikiwa kituoni. Ni mzee, yuko saiti. Fundi ameshika vipande, hajasema neno muda mrefu, sasa anaomba kuja kuona mwenyewe. Namwambia aje kesho saa 3, na alete kipande alichochomelea yeye, siku yoyote, nyumba yoyote.